Mtambo Usiolala, Sehemu ya Tisa: Kufuli kwa Nje

Mliokuwa nasi Jumapili iliyopita mnajua Fundi tulimwacha wapi. Yuko kochini, soda mkononi, baba mkwe mbele yake, na feni ya darini inazunguka taratibu, taratibu, mpaka ikasimama. Umeme umekatika.

Na wewe ambaye leo ndio unatufungua kwa mara ya kwanza, sogea upesi nikupe habari, maana Fundi hana muda na mimi sina.

Nyuma ya ukuta wa sebule kuna stoo. Ndani ya stoo kuna mtambo wa kukeneka pombe kali. Fundi, ambaye ni fundi bomba wa mtaa mzima, ameujenga kwa mikono yake, akamdanganya mkewe kwamba ni mashine ya kutengeneza maji ya betri. Na ndani ya stoo hiyo hiyo, kufuli likiwa kwa nje, yumo mama mzazi wa Fundi.

"Jambo la pili," alisema baba mkwe, kana kwamba huo umeme haumhusu. "Jambo la pili ni kuhusu hawa wajukuu na shule."

Jambo la pili! Na alisema tangu anaingia kwamba ana mambo manne.

Mzee huyu alistaafu kwenye stesheni ya reli, na watu wanamwita Mzee Utaratibu. Ni mtu ambaye hata chafya yake anaitangaza kwanza. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuja bila taarifa. Alipiga hodi saa nane mchana, na mwanawe wa kiume nyuma yake.

"Naam, mzee," alijibu Fundi. Masikio yake yalikuwa ukutani.

Elewa kitu kimoja kuhusu mtambo huu. Si ule wa zamani wa chungu na kuni, ambao unapika, unazima, unaosha, unaanza upya. Huu haulali. Pipa la pombe changa liko darini, linashusha kidogo kidogo kwenye nguzo ya shaba iliyosimama mpaka kwenye kenchi. Chini kuna jiko la gesi. Mvuke unapanda, machicha yanashuka, na kwenye bomba la kupoza kinatoka kile ambacho wateja wamekibatiza jina la Kimya, kwa sababu vikombe viwili tu na mbishi wa mtaa ananyamaza.

Ukishawashwa unahitaji nusu siku nzima kutulia. Ndiyo maana hauzimwi hovyo, na ndiyo maana lazima mtu akae nao. Mchana huo aliyekaa nao ni mama, ambaye wateja wanamwita Bi Tone. Amekeneka kwa kuni miaka arobaini, na tone likianguka vibaya anajua hata akiwa amesinzia.

Hodi ilipopigwa, ni yeye aliyesema, "Nifungie kwa nje, mwanangu. Akija huyo mzee akasukuma mlango akidhani ni msalani, tumekwisha."

Kwa nini wawe wamekwisha? Kwa sababu siku ya posa Mzee Utaratibu alisimama mbele za watu akasema, "Pombe ile ilimla kaka yangu macho, kisha ikamla roho. Siku nitakayoisikia kwenye nyumba yenu, namchukua binti yangu na wajukuu watakaokuwepo." Na Bi Tone akala kiapo kwamba ameacha.

Basi Fundi akafunga kufuli, akamwambia mkewe kwamba mama ametoka kidogo, akakaa kochini kama mkwe mwema.

Sasa umeme haupo. Kumbe na pampu inayozungusha maji ya kupoza imesimama! Lakini gesi haijui habari za umeme. Moto unaendelea, nguzo inachemka, na bomba la kupoza linapata joto. Likishapata joto la kutosha, mvuke hautageuka tena kuwa tone. Utatoka hivyo hivyo ulivyo, ujaze chumba, ukiutafuta moto ulipo.

Fundi alihesabu kichwani. Dakika kumi. Labda kumi na mbili.

"Unanisikiliza, mkwe?"

"Nakusikiliza sana, mzee."

"Nimesema nini?"

"Shule, mzee."

"Shule ilikuwa zamani. Nipo kwenye heshima ya watoto."

Mke wa Fundi, aliyekuwa amekaa pembeni na sinia la vikombe, alimkata mumewe jicho. Fundi akajikaza kisabuni. Nyuma ya ukuta yale matone aliyozoea kuyasikia, to, to, to, yalianza kuachana. To. Kisha kimya kirefu. To. Kisha hayakusikika tena.

Akagonga ukuta kwa kisigino, mara moja. Ilikuwa ni lugha yao, yeye na mama: mmoja akigonga mara moja anauliza, na mwenzake akigonga mara moja anajibu salama.

Hakujibiwa.

Badala yake alisikia pwaa! Kitu kama maji kimemwagika. Kikafuata chiii, kama karai la moto likitumbukizwa kwenye beseni. Kisha ukuta ukanyamaza.

"Mzee, samahani," Fundi akainuka. "Naomba nitoke kidogo."

"Kaa."

"Ni haja, mzee..."

"Mwanamume anayeshindwa kuzuia haja yake kwa mambo mawili yaliyobaki atazuia nini maishani? Kaa, mkwe wangu."

Na akakaa! Mcheke, mtukane, lakini na wewe ungekaa. Hakuna aliyewahi kusimama Mzee Utaratibu akiwa anaongea. Mama yake mzazi yuko upande wa pili wa ukuta wa tofali moja, na yeye anakaa kwa adabu na soda ya moto mkononi. Jambo la tatu likaanza, likapita sikioni mwake, asishike hata neno.

Kisha harufu ikaingia. Haikuwa harufu ya pombe, ambayo angeijua akiwa amelala. Ilikuwa harufu ya gesi.

Fundi hakuomba ruhusa tena. Soda ikaanguka, yeye akawa ukumbini.

"Utaratibu gani huu!" sauti ya mzee ikamfuata.

Alifika mlango wa stoo, akatia mkono mfukoni. Mtupu. Akatia mwingine. Mtupu vilevile. Akajipapasa kifuani kama mtu aliyeibiwa sokoni, na hapo ndipo alipokumbuka.

Nusu saa iliyopita shemeji yake alisema mama mkwe anasubiri stendi. Nani alitoa fungu la funguo akamrushia, akasema kwa sauti ya mtu mwenye raha zake, "Chukua pikapu, shemeji, ukamlete mama"? Ni yeye mwenyewe. Na ufunguo wa pikapu na ufunguo wa stoo zinalala kwenye pete moja.

"Mpigie kaka yako simu!" alimwambia mkewe aliyekuwa amemfuata. "Mwambie arudi sasa hivi!"

Mke akapiga. Simu ikaita sebuleni, juu ya kochi. Shemeji alikuwa ameiacha.

Fundi akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye mwanya mwembamba chini ya mlango. "Mama! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, baba," Bi Tone akajibu, na sauti yake ilikuwa nzima, hata ya furaha. "Punguza kelele, wakwe watasikia."

Mke wa Fundi akashika mdomo. "Mama? Mama yumo humo?"

"Mama, moto!" alisema Fundi. "Moto vipi?"

"Usihofu. Umeme ulipokatika nilijua. Nikaona bomba linaanza kutoa moshi, nikasema hapana. Nimeuzima zamani."

Fundi alishusha pumzi mpaka chini. "Umeuzimaje, mama?"

"Unazimaje moto? Nimeumwagia ndoo ya maji. Umezima fyu!"

Ile pumzi ikakwama njiani. Miaka arobaini ya kuni, msomaji wangu! Mama huyu anajua kutoa kijinga jikoni, anajua kumwagia maji, anajua kufukia majivu. Kwake yeye moto ukishazima umezima. Nani alimwambia kwamba wa gesi ukizimwa kwa ndoo, mtungi unaendelea kupumua?

"Mama, mtungi umeufunga? Ile koki ya juu, uliizungusha?"

"Koki gani?"

"Juu ya mtungi! Nilikuonyesha siku ile!"

"Ulinionyesha ukiwa unakimbilia kazi ya watu. Baba, hapa giza, hata kidole changu siwezi kukiona. Wewe si uliziba dirisha?"

Ni kweli, aliliziba. Dirisha la stoo lilikuwa linatoa harufu kwenye uchochoro, akaliziba kwa tofali. Mlango wa mbao ulikuwa unapitisha mvuke, akachomelea wa chuma, bawaba zikiwa kwa ndani, ili mwizi asipate pa kushika. Watu walikuja kumpongeza. Na sasa fundi hodari wa mtaa amekaa chini mbele ya kazi yake mwenyewe, wala hana pa kushika.

"Mtungi uko nyuma ya pipa la machicha, mkono wa kushoto," alisema. "Papasa polepole. Ukisikia unalia sss, umefika."

"Unalia kila mahali," alisema Bi Tone. Kisha akacheka kidogo. "Kichwa changu chepesi, baba. Kama siku ya harusi yangu."

Kicheko kile kilimtisha Fundi kuliko kilio.

Hapo ndipo Mzee Utaratibu alipotokea ukumbini, koti bado limefungwa vifungo vyote. Akamtazama mkwe wake sakafuni, akamtazama binti yake anayelia, akatazama kufuli. Bi Tone akakohoa ndani, na mzee akamsikia.

"Nani amemfungia mtu mzima humo?"

Mzee akazungusha macho ukumbini.

"Mambo mengine baadaye. Nyundo iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, juu ya dirisha la ukumbi, na tindo lake. Mzee akazishika kama mtu aliyefanya kazi relini, akalenga kufuli, akainua mkono.

"Mzee, usipige!"

"Mapigo mawili tu."

"Usipige chuma! Kitatoa cheche!"

"Cheche zitafanya nini? Hii si stoo ya maji ya betri? Umeniambia mwenyewe nilipoingia. Maji yanawaka lini?"

Nyundo ikapanda. Na Fundi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, wala hajawahi kuliona likifanywa. Aliudaka mkono wa baba mkwe wake hewani, akaushikilia kwa nguvu zake zote.

Wakatazamana. Mke akaita jina la Mungu.

"Si maji, mzee," alisema Fundi. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. "Ni pombe. Ni ile ile. Mtambo ni wangu, nimeujenga mimi. Aliye ndani ni mama yangu, nimemfungia mimi ili usimwone. Gesi imejaa humo. Ukigonga chuma hapa, wote tumekwenda."

Mke wa Fundi alikuwa anamwangalia mumewe kana kwamba amemkuta kwenye nyumba ya watu.

"Miaka mitatu nawapelekea watu salamu kwamba mume wangu anauza maji ya betri," alisema polepole. "Mpaka mchungaji nimemwambia."

"Nisamehe."

"Sitaki kukusamehe sasa hivi. Mtoe mama."

Mzee Utaratibu alishusha nyundo. Akailaza sakafuni taratibu, kama anayelaza yai. Kisha, kimoja kimoja, akafungua vifungo vya koti.

"Hilo dirisha uliloziba," aliuliza, "uliziba kwa udongo au kwa saruji?"

"Saruji, mzee. Lakini kidogo. Nilikuwa nabana matumizi."

"Mungu ashukuriwe kwa ubahili wako. Mwanangu, kuna mchi humu ndani?"

Mke alishaelewa kabla hajamaliza. Akakimbilia jikoni, akarudi na mchi wa kinu, wa mti mgumu, mrefu kumzidi kimo. Mti kwa tofali hautoi cheche.

Wakazunguka uchochoroni, baba na binti, mchi mmoja mikono minne. Puu! Puu! Fundi akabaki mlangoni na mama, kwa sababu mama alikuwa ameanza kuongea na watu wasiokuwepo.

"Baba yako amekuja," alisema Bi Tone kutoka gizani. "Anasema chai haina sukari."

"Mama, usikae chini. Gesi inakaa chini. Simama."

"Nimechoka kusimama."

"Nenda kule wanakogonga. Fuata sauti, mama. Nakuomba. Fuata puu."

"Na yule mzee ameshaondoka? Asije akajua."

"Ameondoka, mama," alisema Fundi, machozi yakimshuka mpaka mdomoni. "Hajui kitu. Wewe fuata sauti."

Alisikia miguu yake ikiburuta, chupa ikibingirika, kisha hakusikia kitu. Akainuka, akakimbilia uchochoroni. Mzee Utaratibu alikuwa amebaki na singlendi, mgongo umelowa chapa chapa, anapumua kama treni ya makaa. Tofali moja lilikuwa limeanza kucheza.

"Tena!" alisema mzee.

Puu! Tofali likaingia ndani. Tundu la ukubwa wa sahani. Harufu iliyotoka ikawafanya wote watatu wageuze nyuso. Na katika tundu lile, vikitafuta hewa, vikatokea vidole vinne vya mtu mzima.

Fundi akavidaka, akavibusu, akaviweka shavuni. "Mama! Weka pua hapa! Vuta hewa!"

"Navuta," sauti ikajibu. Ilikuwa ya usingizini, lakini ilijibu.

"Jambo la nne," alisema Mzee Utaratibu, mkono kifuani, "lilikuwa kukuomba radhi, Mama. Nilikuja leo kusema kwamba ile siku ya posa nilikuaibisha mbele za watu."

Hata kabla ya Bi Tone kujibu, kelele zikatokea mtaa wa juu. Unazijua kelele hizo. Watoto na wakubwa, wote pamoja, wanashangilia kama timu yao imefunga bao.

"Umeme umeruuudi!"

Kwao hurudi kwanza. Huku chini hufuata baada ya dakika moja, mbili ukibahatika.

Fundi akakumbuka. Ile pampu! Aliitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, na kila ikipata umeme hurusha cheche ya buluu. Mama alimwambia, si mara moja. "Kidude chako kinarusha cheche, baba." Naye akajibu, "Nitakitengeneza Jumamosi." Jumamosi ngapi zimepita?

Akatimka. Akaufikia ubao wa swichi mlango wa mbele, akashusha swichi kuu kwa kiganja, pap! Akaegemea ukuta, akasema, "Asante, Mungu."

Kisha akaikumbuka Januari. Januari alivuta waya wa stoo kutoka nje, kabla ya mita, kabla ya swichi, ili msoma mita asiulize maswali. Na ili waya wenyewe usionekane, akauzika ukutani na kupiga plasta. Koleo lake liko kwenye pikapu. Pikapu iko stendi.

Alirudi tunduni mbio, akaanguka, akainuka.

"Mama, sikiliza. Pampu. Ina nyaya mbili, nilizisokota tu. Ukizivuta zinatoka."

"Sasa naona kidogo," alisema Bi Tone. Mwanga wa tundu ulikuwa umemfikia, na Fundi aliona jicho lake moja, kavu na la utulivu. "Naiona. Iko kule mwisho."

Hatua tano. Mtu mzima, kichwa chepesi, sakafu imejaa chupa. Na akitoka pale tunduni, anatoka kwenye hewa.

Fundi hakujua amwambie nini. Amwambie aende? Amwambie abaki? Akavikamata zaidi vidole vya mama.

"Niachie, baba," alisema Bi Tone. "Mtambo ni wetu wawili. Wewe ulijenga vibaya, mimi nimezima vibaya."

"Mama, subiri..."

"Niachie mkono. Na huyo mzee mwambie nimemsikia."

Vidole vikateleza, kimoja, kingine, vikatoka vyote. Tundu likabaki jeusi. Ndani miguu ikaburuta, moja, mbili, tatu. Mzee Utaratibu akainua mchi tena na binti yake akaushika kwa chini. Fundi alibaki ameingiza mkono wake mtupu ndani ya ukuta mpaka begani.

Ng'ambo ya uchochoro, nyumba ya jirani wanayetumia naye waya mmoja wa umeme, redio ikaanza kuimba.